Habari za Debe na Sanduku Lake

Watu wengi hudhani ya kuwa habari za kale ni habari za wafalme, na vita, na safari za mabaharia wakuu tu. Hizo nazo ni habari za kale, wala hatuzidharau. Lakini ziko habari nyingine zisizopigiwa baragumu, nazo zimo ndani ya nyumba zetu wenyewe, mezani na chini ya kitanda. Leo twataka kueleza habari za chombo ambacho hakuna asiyekijua, nacho ni debe. Pamoja na debe twataka kueleza habari za sanduku la mbao lililolichukua debe hilo kuvuka bahari.

Vitu hivi viwili vilitengenezwa mbali kwa kazi moja tu, yaani kuyachukua mafuta ya taa mpaka yamfikie mnunuzi. Mafuta yakiisha, na kazi yao imekwisha. Aliyevitengeneza hakuviwekea kazi ya pili. Walakini watu walivipa kazi ya pili, na ya tatu, hata ya kumi. Debe likawa taa, na sanduku likawa kiti na meza na kabati. Basi swali letu ni hili: Ni nani mwenye kukata neno ya kwamba kitu kimekwisha? Ni yule aliyekitengeneza, au yule aliyekitupa, au yule aliyekiokota? Swali hili si la mchezo. Wengi wetu tulijifunza kusoma kwa nuru ya kibatari, tena wengi wetu twaona haya kukitaja mbele ya wageni, kana kwamba ni alama ya ujinga wetu. Twataka kuonyesha ya kuwa haya hiyo haina msingi. Kisha twataka kuonyesha ya kuwa hata sifa ya kibatari ina mpaka wake.

Tuanze na mafuta yenyewe. Hapo kale watu wa mwambao waliwasha taa za mafuta ya nazi au ya ufuta, utambi wa pamba ukilala katika kijungu kidogo. Na watu wa bara walikaa kwa mwanga wa moto wa kuni, wakashika mienge walipotoka nje. Huko Ulaya nako watu waliwasha mishumaa ya shahamu na mafuta ya nyangumi. Mafuta yatokayo ardhini yalijulikana tangu zamani, lakini yalikuwa meusi, yenye moshi mwingi na harufu mbaya, hata hayakufaa kuwashwa nyumbani.

Katika mji wa Lwów, ambao siku hizi waitwa Lviv nao uko katika nchi ya Ukraine, palikuwa na mtengeneza dawa wa Kipolandi, jina lake Ignacy Łukasiewicz. Yeye na mwenzake Jan Zeh waliyachemsha mafuta hayo meusi, wakaukusanya mvuke wake, wakapata mafuta mepesi yaliyo safi. Lakini taa za zamani hazikuyafaa mafuta hayo mapya. Basi Łukasiewicz akamwendea fundi wa bati wa mji ule, aitwaye Adam Bratkowski, wakatengeneza taa ya namna nyingine. Tarehe 31 Julai 1853 taa za Łukasiewicz ziliwashwa katika hospitali ya mji huo, nao waganga wakampasua mgonjwa usiku kwa nuru yake. Tuliangalie sana jambo hili. Taa ya mafuta ya taa haikuzaliwa katika jumba la mfalme, wala katika duka la sonara. Ilizaliwa katika mikono ya fundi wa bati, ndugu wa kazi wa wafua bati wa masoko yetu. Anayemcheka huyu amemcheka na yule.

Baada ya hayo, mwaka 1859, Edwin Drake alichimba kisima cha mafuta mahali paitwapo Titusville, katika jimbo la Pennsylvania, nchi ya Marekani. Tangu hapo mafuta yakawa mengi, bei ikashuka, na wafanya biashara wakaanza kutafuta wanunuzi duniani kote. Shida yao ilikuwa chombo cha kuyachukulia. Mapipa ya mbao yalivuja, na safari za kwenda nchi za joto ni ndefu. Basi wakafanya makopo makubwa ya pembe nne, ya chuma chembamba kilichopakwa bati. Kila kopo lilichukua galani 5 za Kimarekani, ambazo ni kadiri ya galani 4 za Kiingereza, yaani lita 18 na kidogo zaidi. Makopo mawili yalitiwa bega kwa bega katika sanduku moja la mbao nyepesi, lisije likapondeka melini. Kwa njia hiyo mafuta yalifika Bara Hindi, na Uchina, na Australia, na pwani yetu ya Afrika. Hilo ndilo kopo tuliitalo debe, na hilo ndilo sanduku lake.

Hapa pana kisa kistahilicho kukumbukwa. Huko London alikuwako mfanya biashara mmoja, jina lake Marcus Samuel, ambaye baba yake alikuwa akiuza visanduku vilivyopambwa kwa makombe ya baharini. Bwana Samuel alifanya hesabu, akaona ya kuwa kopo na sanduku vyagharimu fedha nyingi, tena vyajaza nafasi melini. Akaagiza meli yenye matangi makubwa ndani yake, imiminiwe mafuta yenyewe bila kopo. Meli hiyo iliitwa Murex, nalo ni jina la kombe moja la baharini. Ilipakia mafuta katika bandari ya Batum, kwenye Bahari Nyeusi, ikapita katika mfereji wa Suez mwezi wa Agosti 1892, ikaenda zake Asia. Hesabu ya Bwana Samuel ilikuwa hii: mafuta yasiyo na kopo yatakuwa rahisi, na kila mnunuzi atakuja na chombo chake mwenyewe.

Wanunuzi hawakuja. Waliendelea kununua mafuta ya shirika la Marekani liitwalo Standard Oil, yaliyokuwa katika makopo ya rangi ya samawati, ingawa bei yake ilikuwa juu. Kwa nini? Kwa sababu walilitaka kopo! Kwa kopo tupu walikuwa wakiezekea nyumba, wakifanya matundu ya ndege, na majiko, na vichujio vya chai, na vyombo vingi vya nyumbani. Mafuta yasiyo na kopo waliyaona ni nusu ya mali. Bwana Samuel, aliyekuwa hodari wa biashara, hakubishana nao. Alipeleka huko meli iliyojaa mabati, akaagiza makopo yafuliwe huko huko Asia, yapakwe rangi nyekundu. Ndipo mafuta yake yakanunuliwa. Shirika aliloliunda mwaka 1897 alilipa jina la Shell, yaani kombe, nalo lajulikana hata leo.

Twaona nini hapa? Matajiri wakubwa wa dunia walikuwa wakishindana kwa meli na kwa fedha, na mmoja wao akalazimika kugeuza mashauri yake kwa ajili ya watu wa vijijini wasiojulikana majina. Watu hao waliona ndani ya kopo tupu kitu ambacho mwenye kopo hakukiona. Basi neno la kwamba kopo limekwisha halikukatwa London, wala New York. Lilikatwa na fundi aliyeketi chini na mkasi wake.

Sasa tuje kwetu. Neno debe limetoka katika lugha za Bara Hindi, na wafanya biashara wa huko ndio waliokuwa na maduka mengi ya mafuta katika pwani yetu. Miongoni mwao Mabohora walijulikana sana kwa kazi za bati na vyuma. Reli iliyojengwa kutoka Mombasa tangu mwaka 1896 hata ikafika ziwani mwaka 1901 ilirahisisha safari za mizigo, na debe likaingia bara. Punde si punde likatoka katika kazi ya mafuta likaingia katika maisha ya watu. Likawa mtungi wa maji kichwani. Likawa kipimo cha mahindi na mpunga, hata leo mkulima husema amevuna madebe kadha wa kadha. Likapondwa likawa bati la kuezekea. Huko Pumwani, mtaa wa Nairobi ulioanzishwa mapema katika miaka ya 1920, nyumba nyingi za udongo ziliezekwa kwa madebe yaliyopasuliwa na kunyoshwa. Likaingia hata katika maneno yetu. Wahenga wasema, debe tupu haliachi kuvuma. Amsifuye mwingine ili apate kura twasema anampigia debe, na wako wasemao siku ya uchaguzi ya kuwa wanakwenda debeni. Kitu kilichotupwa hakiingii katika mithali za watu namna hii; huingia kile tu kilichokaa nao nyumbani.

Lakini kazi iliyo kubwa kuliko zote ni ile ya taa. Kibatari, ambacho wengine hukiita koroboi, huenda wasomaji wamekitumia pasipo kutazama jinsi kilivyotengenezwa. Fundi huchukua kopo dogo la maziwa au la siagi, au hukata kipande cha debe akakikunja mviringo. Hulaza ukingo juu ya ukingo, akaugonga kwa nyundo ya mti usipasuke, kisha akauziba kwa lehemu, maana mafuta ya taa hupenya katika tundu ambalo maji hayapenyi. Hukata kifuniko, akakitoboa katikati, akatia kibomba chembamba cha bati. Ndani ya kibomba hupitisha utambi wa pamba au wa kitambaa kikuukuu. Kibomba kikiwa kipana mno, moto huwa mkubwa na moshi huwa mwingi. Kikiwa chembamba mno, utambi haunywi mafuta ya kutosha. Mwisho hutia kishikio ubavuni, ili mama akichukue pasipo kuungua mkono.

Tena hapana vibatari viwili vilivyo sawasawa kabisa. Taa ya kiwandani hutoka katika kalibu, na elfu zake zafanana kama mapacha. Bali kibatari huchukua sura ya kopo lililopatikana siku ile. Kimoja kina picha ya ng'ombe ubavuni mwake. Kingine kimeandikwa jina la chai, na herufi zimepinduka miguu juu. Mtoto aketiye karibu nacho husoma kitabu chake, kisha husoma na taa yenyewe. Kandili yenye kioo ilikuwa bora, hatukatai, lakini ilitoka ng'ambo nayo ilitaka fedha. Kibatari kilitaka senti chache tu, na kwa senti hizo jioni ya mtu maskini iliongezwa saa mbili za kusoma, na kushona, na kuomba pamoja na watoto wake. Tukikumbuka ni watu wangapi waliojifunza herufi zao kwa nuru hiyo, twaweza kusema ya kuwa fundi wa bati alikuwa mwalimu msaidizi katika shule zetu, ijapokuwa jina lake halikuandikwa katika daftari.

Ikiwa debe lilikuwa na fundi wake, sanduku nalo lilikuwa na wake. Mbao zake zilikuwa nyembamba, lakini zilikuwa zimekwisha pasuliwa na kunyoshwa, nazo misumari yake iliweza kung'olewa na kutumiwa tena. Likisimamishwa wima, lilikuwa kabati lenye sehemu mbili, kwa maana lilifanywa kuchukua makopo mawili. Likilazwa, lilikuwa kiti. Mawili yakiwekewa ubao juu, yalikuwa meza.

Wala si sisi tu tuliofanya hivyo. Mafuta yalipofika, kopo na sanduku vilifika pamoja nayo, na watu waliokuwa mbali na maduka walifikiri mawazo yale yale. Huko Australia, wakulima na wachunga kondoo wa mashambani, ambao walikuwa Wazungu kama wale waliowauzia mafuta, walifanya makabati kwa masanduku ya mafuta ya taa. Walikata debe ubavuni, wakalilaza ndani ya sanduku, likawa mtoto wa kabati wa kutiwa nguo. Kazi hiyo ilizidi katika miaka ya 1930, biashara ya dunia ilipoanguka na watu wengi wakakosa kazi. Basi asiseme mtu ya kuwa samani za sanduku ni desturi ya Mwafrika peke yake. Ni desturi ya binadamu mwenye akili nyingi na fedha kidogo.

Yuko na mwanamke mmoja wa Marekani ambaye habari zake zatufundisha jambo la pekee. Jina lake ni Louise Brigham, aliyezaliwa mwaka 1875. Alikwenda kukaa kwa majira ya kiangazi katika Spitsbergen, kisiwa kilicho karibu na ncha ya kaskazini ya dunia, ambako kuna barafu na makaa ya mawe lakini hakuna miti. Huko, katika kambi ya wachimba makaa, ubao ulikuwa haba sana, isipokuwa ule wa masanduku yaliyoleta vyakula na vyombo. Bibi Brigham akayachukua masanduku hayo akatengeneza samani za nyumba. Aliporudi kwao hakunyamaza. Mwaka 1909 alitoa kitabu kiitwacho Box Furniture, yaani Samani za Masanduku, akaeleza humo namna ya kutengeneza vitu 100 vya nyumbani. Kisha akawafundisha watoto wa mji wa New York kazi hiyo. Nyumba moja waliyoifanyia kazi yaitwa Gracie Mansion, nayo tangu mwaka 1942 ni makao ya mameya wa mji huo. Mahali pale pale ambapo watoto walipiga misumari katika mbao za masanduku, baadaye pakawa sebule ya wakubwa!

Alipita wapi Bibi Brigham mafundi wetu? Si kwa ustadi wa mikono, maana tumewaona watu wetu wakifanya kazi iliyo ngumu kuliko yake kwa vyombo vilivyo vichache kuliko vyake. Aliwapita kwa jambo moja: aliandika. Alitoa vipimo, akachora picha, akataja ni sanduku gani lafaa kwa kazi gani, hata mtu asiyemjua aliweza kufuata. Kwetu sisi ujuzi huo ulikaa katika vidole vya fundi na mwanafunzi wake. Fundi alipokufa pasipo mwanafunzi, ukazikwa pamoja naye. Hapo ndipo tulipopata hasara, wala si katika kutumia debe.

Na huko Ulaya, mwaka 1934, mchora majumba wa Uholanzi aitwaye Gerrit Rietveld alifanya kiti cha mbao za masanduku, mbao wazi zisizopigwa randa sana, na misumari yaonekana. Kiti hicho kiliuzwa kwa watu wa mjini waliosoma, na leo viti vya Rietveld vyatunzwa katika majumba ya makumbusho. Hatusemi haya ili tumwonee kijicho. Twasema ili msomaji apime mwenyewe: ubao wa sanduku katika nyumba ya mtu mmoja huitwa ufukara, na katika nyumba ya mwingine huitwa akili. Ubao ni ule ule. Kilichogeuka ni jina la aliyeushika.

Haki ya jambo hili ilichelewa sana kwetu, lakini ilianza kuonekana. Mafundi wa Nairobi waliokusanyika Kamukunji, wakifua mapipa na mabati makuukuu kuwa masanduku ya nguo, na karai, na majiko, na taa, walifanya kazi nje pasipo paa, ndiyo maana wakaitwa watu wa jua kali. Kwa miaka mingi walihesabiwa kama watu wa kufukuzwa mjini. Mwaka 1972 wajumbe wa Shirika la Kazi Duniani walitoa taarifa juu ya kazi katika nchi ya Kenya, wakasema ya kuwa watu wa namna hii si wavivu wala si wazururaji, bali wafanya kazi yenye faida, nayo yafaa isaidiwe badala ya kuzuiwa. Mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, na baadaye wakajengewa mabanda. Mwaka 1992 serikali ya Kenya ilitoa andiko lake juu ya biashara ndogo, na jina la jua kali likaandikwa juu ya andiko hilo la serikali. Jina lililokuwa la dhihaka likawa jina la heshima. Miaka 20 ilipita kati ya taarifa ile na andiko hili.

Sasa yatupasa kutimiza lile tuliloahidi mwanzo, tuseme na mpaka wa sifa. Maana ni rahisi mtu kusifu kibatari akiwa ameketi chini ya taa ya umeme. Kibatari hakina kioo, na moto wake haupati hewa iliyo sawa, basi hutoa masizi mengi. Wataalamu waliopima taa za namna hii walitangaza mwaka 2012 ya kuwa, katika kila sehemu 100 za mafuta, sehemu 7 hata 9 hugeuka masizi meusi. Masizi hayo ndiyo yale tuyaonayo asubuhi puani mwa watoto, na juu ya ukuta, na katika paa la makuti. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa shauri ya kuwa watu waache kutumia mafuta ya taa nyumbani, kwa sababu ya madhara ya moshi wake, na ajali za moto, na watoto wanywao mafuta kwa kudhani ni maji. Ni nani miongoni mwetu asiyejua nyumba iliyoteketea kwa sababu ya kibatari kilichopinduliwa na paka au na mtoto aliyesinzia?

Kwa hiyo tusichanganye mambo mawili. Mkono uliotengeneza kibatari ni wa kusifiwa. Moshi wa kibatari si wa kusifiwa. Mtu akisema, waacheni maskini na vibatari vyao, maana vimewafaa siku zote, huyo hampendi fundi wala hampendi mtoto anayekohoa. Na mtu akisema, tazameni vibatari vyao, jinsi walivyo wajinga, huyo hajui habari za Lwów wala za Bwana Samuel. Wote wawili wamekosa. Fundi alikata kopo ili jirani yake apate nuru. Ikipatikana nuru iliyo bora, kusudi la fundi halikuvunjwa, bali limetimizwa.

Na ya kwamba akili ile ile yaweza kuzaa taa isiyo na moshi, tutazame nchi ya Brazili. Katika mji wa Uberaba, mwaka 2002, umeme ulipokuwa ukikatika mara kwa mara, makanika mmoja aitwaye Alfredo Moser alichukua chupa tupu ya plastiki ya lita 2, akaijaza maji safi, akatia kidogo dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, ili maji yasiote ukoga wa kijani. Akatoboa paa, akaiingiza chupa nusu ndani na nusu nje, akaziba pande zote ili mvua isivuje. Mwanga wa jua ukipiga chupa, maji huutawanya chumbani kote, nao hufikia nguvu ya taa ya umeme ya wati 40 hata 60. Haina mafuta, haina moshi, haina malipo ya mwezi. Kweli hufanya kazi mchana tu. Lakini aliyeingia katika nyumba ya bati isiyo na dirisha ajua ya kuwa giza la mchana nalo ni giza. Mwaka 2011 Illac Diaz wa nchi ya Ufilipino alianza kuieneza taa hiyo katika nyumba za maskini wa kwao, na baadaye wakaongeza kipande kidogo cha kunasa nguvu za jua, ili chupa iwake na usiku. Bwana Moser mwenyewe hakutajirika kwa jambo hilo. Alikuwa fundi, aliona chupa, akaona paa, akaona giza, akavikutanisha.

Basi, ndugu zetu, twapenda kutoa mashauri matatu. La kwanza, tumlipe fundi wa bati na seremala wa kijijini ujira wake kwa moyo mweupe. Tusimpunje kwa kusema kopo hukuliokota bure tu. Kopo ni la bure, lakini ujuzi haukuokotwa.

La pili, shule zetu ziandike ujuzi huu. Mwalimu awapeleke watoto kwa fundi, nao wapime kwa rula, wachore, waandike kwa Kiswahili safi jinsi kiti kilivyokatwa na jinsi lehemu ilivyotiwa, majina ya vyombo vyote yakiandikwa kama mafundi wenyewe wayatamkavyo. Kazi hiyo ni hesabu, tena ni lugha, tena ni habari za kale. Alilolifanya Bibi Brigham mwaka 1909 laweza kufanywa na watoto wa darasa la saba, kwa kalamu na daftari moja.

La tatu, kila nyumba iwezayo kununua taa ya jua iuweke mbali moto wa kibatari, hasa chumba cha watoto. Na wale wenye uwezo wawasaidie wajane na wazee kupata taa hiyo, maana akiba ya mafuta yasiyonunuliwa huirudisha bei yake kidogo kidogo. Wala fundi asiogope kukosa kazi. Taa ya jua nayo yataka kinara, na kishikio, na kisanduku cha kuizuia mvua. Na mabati makuukuu hayajapungua duniani.

Twakumbuka ya kuwa Bwana wetu alipokwisha kuwashibisha watu wale maelfu nyikani, hakuondoka mara moja. Aliwaagiza wanafunzi wake wakusanye vipande vilivyobaki, nao wakajaza vikapu 12. Yeye aliyekuwa na uwezo wa kufanya mikate mingine hakutaka mabaki yaachwe majanini. Tukipita kesho karibu na jalala la kijiji, tukaona kopo, au mguu wa kiti, au chupa, tusimame kidogo tukitazame kabla ya kukipita. Na tukimwona mtoto amesimama hapo akikigeuza geuza mkononi, tusimkemee upesi. Tumwulize kwanza anataka kukifanya nini.